Zima Antivirusi Kwanza

Mtu ananunua laptopu iliyotumika Kariakoo au Luthuli Avenue. Mashine imetoka ofisini huko Ulaya au imepitia Dubai, bado ina nguvu, na bei imekubalika. Kabla hajaenda nayo nyumbani, fundi anampigia Windows. Anachomeka flashi yake, mteja anakaa kwenye stuli, na baada ya muda kila kitu kipo: Windows, Office, Photoshop, hadi antivirusi ya kulipia. "Mama, hii haitakusumbua," anasema fundi. "Nimekuwekea kila kitu, full." Mama analipa hela ya ufundi, anashukuru, anaondoka.

Katikati ya kazi hiyo kuna hatua moja ambayo mama hakuiona. Fundi alifungua mipangilio ya usalama akaizima Windows Defender, antivirusi inayokuja bure ndani ya Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012. Aliizima kwa sababu kraki, ile programu ndogo ya kuidanganya Windows kwamba imelipiwa, hugunduliwa na kufutwa mara tu inapoguswa. Wanaosambaza kraki huandika jambo hilo juu kabisa ya maelekezo yao: zima antivirusi kwanza. Baadaye, kama fundi akikumbuka kuiwasha tena, huwa ameshaiagiza isiikague kamwe folda ile aliyoweka kraki. Kompyuta inafika nyumbani ikiwa na chumba kimoja ambacho mlinzi amekatazwa kuingia.

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi ni vijana wanaojitafutia riziki kwa hela kidogo, na ile flashi wameipata kwa mwenzao, ambaye naye aliipata kwa mwingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kilichomo ndani, wala anayeweza kukisoma. Hilo ndilo linalonitia hofu. Tunaikabidhi programu ya mtu tusiyemjua mamlaka yote juu ya mashine inayohifadhi barua pepe zetu, vyeti vyetu na picha za watoto wetu, na tunafanya hivyo baada ya kumwondoa aliyewekwa kutulinda.

Ukimweleza mtu habari hizi, mara nyingi atakujibu: mimi sina hela, si mwanasiasa, nani atahangaika kunidukua? Ni kweli, hakuna anayehangaika nawe. Anayevamia kompyuta za nyumbani hajui jina lako wala hana haja ya kulijua. Anatega programu yake mahali watu wanapopita kwa wingi, kisha anasubiri. Atakayenasa, amenasa, awe waziri au mwanafunzi wa kidato cha nne.

Kuna familia ya virusi iitwayo STOP, ambayo wengi huijua kwa jina la Djvu. Ilivuma kuanzia mwaka 2018. Haikuwinda benki wala wizara. Iliwinda watu wa kawaida majumbani, na chambo chake kikuu kilikuwa kraki. Unapakua kraki ya Photoshop au ya gemu, unazima antivirusi kama ulivyoelekezwa, unabofya mara mbili. Kinatokea kidirisha kinachofanana kabisa na cha Windows inapojisasisha, kikikuomba usubiri. Wewe unasubiri, na nyuma ya kidirisha hicho faili moja baada ya jingine linafungwa kwa hesabu ambazo hakuna kompyuta ya leo inayoweza kuzifumbua bila ufunguo. Picha za harusi, tasnifu, hesabu za duka, kila jina linaongezewa mkia mgeni kama .djvu, na kila folda inaachiwa faili la maandishi liitwalo _readme.txt.

Barua hiyo imeandikwa kwa adabu, kama ya mfanyabiashara. Inakuambia usiwe na wasiwasi, mafaili yako yanaweza kurudi. Bei ni dola 980, lakini ukiwasiliana nao ndani ya saa 72 utapata punguzo la nusu, yaani dola 490. Wanakuruhusu hata kuwatumia faili moja wakufungulie bure ili uamini kwamba ufunguo wanao, ilimradi faili hilo lisiwe na kitu cha thamani. Kwa walimu wengi wa hapa kwetu, hata hizo dola za punguzo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima.

Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungulia matoleo 148 ya kirusi hicho, na wengi waliokwishakata tamaa walipata mafaili yao. Matoleo yaliyofuata yaliimarishwa. Kirusi kilipofanikiwa kuwasiliana na seva ya wenyewe, kila kompyuta ilipewa ufunguo wake peke yake, na hapo msaada ulikoma. Isitoshe, baadhi ya matoleo yalibeba mwizi wa pili aliyeitwa Azorult, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hiyo hata aliyelipa, akafunguliwa mafaili yake, alikuwa ameshaibiwa funguo za barua pepe na Facebook.

Wezi wa aina hiyo ya pili ndio waliotawala miaka ya karibuni, kwa sababu hawapigi kelele. Hakuna barua ya kudai hela wala faili lililofungwa. Programu inaingia, inachota, inatuma ilichochota kwa aliyeitega, na mwenye kompyuta anaendelea na kazi zake. Mei 2025 Microsoft, ikishirikiana na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa, iliuvunja mtandao wa programu moja kama hiyo iitwayo Lumma. Ilitangaza kwamba kati ya Machi 16 na Mei 16 mwaka huo ilitambua kompyuta za Windows zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa.

Kinachochotwa si manenosiri tu. Ukishaingia Gmail, kivinjari hupewa kidakuzi, faili dogo linaloiambia Gmail kwamba huyu umeshamthibitisha, usimsumbue tena. Mwizi akinakili kidakuzi hicho na kukiweka kwenye kivinjari chake, Gmail inamwona kama wewe. Haulizwi nenosiri, wala haombwi zile tarakimu zinazotumwa kwa simu. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amewasha uthibitisho wa hatua mbili, jambo jema ambalo kila mtu anapaswa kulifanya, na bado asubuhi akakuta akaunti yake inaomba hela kwa ndugu na marafiki.

Lumma ilisambazwa kwa kraki, na pia kwa hila nyingine ambayo ningeomba kila mzazi awaeleze watoto wake leo. Unafungua tovuti, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti. Hilo tumelizoea. Safari hii, badala ya kuchagua picha za pikipiki, unaelekezwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl pamoja na V, kisha Enter. Tovuti imeshaweka amri kwenye ubao wa kunakilia bila wewe kujua. Kwa vidole vyako mwenyewe umefungua dirisha la amri, umebandika maneno ya mwizi, na umeiagiza kompyuta iyatekeleze. Hakuna tovuti halali, iwe ya benki, ya serikali au ya shule, inayothibitisha mtu kwa njia hiyo.

Sasa turudi kwenye leseni, maana najua watu hawatumii kraki kwa kupenda. Photoshop hulipiwa kila mwezi kwa dola, na mwenye duka la rejareja hawezi. Lakini laptopu nyingi za ofisi zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 10 zina ufunguo wa leseni uliowekwa kiwandani ndani ya mashine yenyewe. Ofisi ya Ulaya iliyoinunua ikiwa mpya ilishalipia Windows. Ukiweka Windows safi ya toleo linalolingana na leseni hiyo, Home kwa Home na Pro kwa Pro, kisha ukaiunganisha na intaneti, inajiamsha yenyewe. Inauma kufikiri ni mashine ngapi zimewekewa kraki ya kuibia kitu ambacho tayari kilikuwa mali ya mwenye mashine. Na hata pale ambapo leseni haipo, Windows isiyoamshwa huonyesha maandishi kwenye kona ya skrini na kukunyima kubadili mandhari, lakini inaendelea kupokea masasisho ya usalama. Kati ya maandishi ya konani na kraki, mimi nachagua maandishi.

Kwa kuandika barua na kupanga hesabu, LibreOffice ni bure kabisa na inafungua mafaili ya Word na Excel. Waswahili hatupaswi kuiona kama kitu cha kigeni: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo LibreOffice imezaliwa kutoka kwake. GIMP hufanya sehemu kubwa ya yale ambayo wengi huitafutia Photoshop.

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuzima masasisho, na sababu yake kila mtu anaijua: bando. Umejiunga GB moja ya wiki, unawasha laptopu utume barua moja, na Windows inaimeza yote kabla hujaandika salamu. Fundi anaombwa "azime apdeti", naye anazima moja kwa moja. Mwenye kompyuta anafurahi, na kuanzia siku hiyo kila tundu linalogunduliwa kwenye Windows linabaki wazi kwake.

Gharama yake ilionekana Mei 12, 2017. Siku hiyo kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani kwa saa chache na kukamata kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikidai dola 300 kwa Bitcoin kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya maelfu ya wagonjwa. Kirusi hicho hakikuhitaji mtu abofye chochote. Kilihama chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia tundu lililokuwa kwenye Windows. Na tundu hilo Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuliziba Machi 14, karibu miezi miwili kabla. Waliosasisha walinusurika. Kilichopunguza maafa ni kijana wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliyegundua kwamba kirusi kilikuwa kinaulizia anwani fulani ya tovuti ambayo haikuwa na mwenyewe. Aliisajili kwa dola kumi na kidogo, na kirusi, kilipopata jibu, kikaacha kuenea.

Bando lisikufanye uzime masasisho. Kwenye mipangilio ya mtandao, iambie Windows kwamba muunganisho huo unapimwa kwa MB. Itaahirisha mizigo mikubwa hadi utakapopata mtandao mwingine. Kisha angalau mara mbili kwa mwezi ipeleke laptopu mahali penye intaneti isiyokata bando lako, kazini ikiwa wanaruhusu, chuoni, au kwa jamaa mwenye waya wa faiba, au nunua bando la usiku uiache ifanye kazi yake. Microsoft hutoa viraka vyake vikuu Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo wiki inayofuata ni wakati mzuri. Kivinjari usikiahirishe kamwe, maana ndicho kinachokutana na dunia kila dakika.

Hapo kuna tatizo ambalo litatusumbua kwa miaka. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi hazikidhi masharti ya Windows 11. Microsoft ilifungua mpango wa kujiandikisha kupata viraka vya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, lakini huo ni mwaka tu. Mashine hizo ndizo zinazojaa madukani kwetu kwa bei nafuu. Anayenunua leo amuulize muuzaji prosesa ni ya kizazi cha ngapi: kwa Intel, kuanzia cha nane ndipo salama. Aliyenayo tayari ya zamani asiitupe. Linux Mint ni bure, inakwenda vizuri kwenye mashine hizo, inapokea masasisho, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kivinjari, barua na hesabu, wiki moja inatosha kuizoea.

Flashi nayo ina mambo yake. Mwanafunzi anapeleka kazi stesheneri kuichapisha, anachomeka flashi kwenye kompyuta ambayo tangu asubuhi imeshachomekwa flashi za watu wengi. Anarudi nyumbani, anaifungua, na folda zake zote zina mshale mdogo pembeni. Ukubwa wa kila moja ni KB 1 au 2. Hizo si folda. Kirusi kimezificha folda za kweli na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Anayebofya "Kazi ya Jiografia" anakiwasha kirusi, ambacho kisha kinamfungulia folda halisi ili asishtuke. Vijana wa vyuo wanaijua kwa moyo ile amri ya kurudisha vilivyofichwa:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

ambapo E ni herufi ya flashi. Amri hiyo inafichua tu, haiui kitu. Ikague flashi kwa Defender kwanza, futa zile njia za mkato, kisha ndipo urudishe folda zako. Bora zaidi, usiipeleke flashi kabisa. Jitumie faili la PDF kwa barua pepe au WhatsApp na umtumie mwenye stesheneri kutoka kwenye simu. Usiingie kwenye akaunti yako kwa kompyuta yake.

Mshale ule mdogo una ndugu yake, nao ni mkia wa jina la faili. Mei 4, 2000 barua pepe iliyodai kubeba ujumbe wa mapenzi ilianzia Manila, Ufilipino, ikazunguka dunia. Faili lililoambatanishwa liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows, kwa mazoea yake, ilificha ule mkia wa mwisho, kwa hiyo watu waliona jina linaloishia na .TXT, wakadhani ni maandishi matupu. Aliyeliandika, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi, na miaka ishirini baadaye alieleza kwamba alitaka manenosiri ya intaneti kwa kuwa hakuweza kuilipia. Hakufungwa, maana Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Hadi leo Windows inaficha mikia hiyo. Fungua folda yoyote, ingia menyu ya View, uiamuru ionyeshe majina kamili. Ankara inayoitwa ankara.pdf.exe haitakudanganya tena.

Kuna kinga moja isiyogharimu chochote ambayo karibu hakuna nyumba inayoitumia. Kompyuta ikiwa mpya, akaunti ya kwanza huwa ya msimamizi, yenye uwezo wa kubadili kila kitu, na familia nzima inaitumia hiyo hiyo. Tengeneza akaunti nyingine ya kawaida kwa matumizi ya kila siku, ya watoto na yako pia, na ile ya msimamizi iwe na nenosiri lake. Mtoto akipakua gemu lenye mambo, Windows itasimama na kudai nenosiri ambalo yeye hana.

Nenosiri la barua pepe lisitumike mahali pengine popote, kwa kuwa barua pepe ndiyo inayoweza kubadili manenosiri ya akaunti nyingine zote. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana, yenye urefu wa kutosha, yanamshinda mwizi kuliko jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Na ile ruta ya nyumbani iliyokuja na nenosiri la admin, ibadilishie nenosiri leo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilivamia kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu manenosiri sitini na kidogo ya kiwandani, na jeshi la vifaa hivyo likatumika hata kuiangusha intaneti ya kampuni ya simu nchini Liberia.

Lakini kama ningeruhusiwa kumwomba msomaji jambo moja tu, lisingekuwa lolote kati ya hayo. Ningemwomba awe na nakala. Nunua diski ya nje, nakili picha na nyaraka zako, kisha ichomoe uiweke kabatini. Kuichomoa ndiko kunakoifanya iwe kinga, kwa sababu kirusi cha kufunga mafaili hufunga kila diski kinayoikuta imechomekwa. Rudia kila mwezi. Vile vichache visivyofidika, kama vyeti, hati ya kiwanja na picha za marehemu, viweke pia kwenye Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure, ili moto au mwizi wa dirishani asivichukue pamoja na kompyuta.

Ikitokea umeshapigwa, kata intaneti kwanza. Usilipe haraka, nenda tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, uone kama ufunguo wa kirusi chako umeshapatikana. Kama haupo, hifadhi mafaili yaliyofungwa pembeni, maana funguo nyingine zimepatikana baadaye. Kisha usihangaike kukisafisha kirusi. Futa diski yote uweke Windows upya, kwa flashi ya GB 8 uliyoitengeneza mwenyewe kutoka tovuti ya Microsoft kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo salama. Kwa kompyuta hiyo hiyo salama, au kwa simu, badilisha manenosiri ukianza na la barua pepe, na uagize kila akaunti itoke kwenye vifaa vyote, ili vidakuzi vilivyoibiwa vife. Halafu wapigie ndugu na marafiki kwa sauti, si kwa ujumbe, uwaambie wasitume hela kwa namba yoyote watakayopewa kwa jina lako wiki hiyo.